Kura ya Mifupa

Miaka hiyo jua lilikaza mpaka mbu nao wakashikwa na kiu. Katika Bonde la Mikwaju kilibaki kisima kimoja tu, na mlinzi wake alikuwa Fisi. Wanyama walimchagua wenyewe, basi wangemlaumu nani? Aliwaahidi maji asubuhi na jioni. Alipokwisha kukikalia kifuniko, ukoo wa mafisi ukawa unaoga, wengine wanalamba tope.

Mlinzi alichaguliwa upya kila mwaka. Asubuhi kila mnyama alitumbukiza kokoto moja katika mtungi wa amtakaye. Mitungi ilihifadhiwa pangoni kwa mlinzi mpaka Simba aamke alasiri, ahesabu, na kunguruma jina la mshindi. Shida ni kwamba humo pangoni kokoto zilijua kuhama. Mara mbili mtungi wa Kobe, mpinzani wake, uliingia umejaa, ukatoka mtupu. Na Simba, kwa kiburi chake, akishanguruma harudii hesabu.

Mwaka wa tatu Sungura alimkuta Swala amejilaza kichakani, mwanawe anahema ubavuni, ulimi umemkauka.

"Dada Swala, kesho tunapiga kura."

"Pigeni nyie. Mimi nimechoka. Sina imani na Fisi, sina imani na kokoto, na huo mtungi wenyewe siutaki kuuona."

"Na huyu mtoto atakunywa nini?"

Swala akaanza kulia. Sungura, mjanja wa maneno, akaondoka hapo moja kwa moja mpaka kwa Simba.

"Mfalme mzima kuhesabu kokoto! Hiyo si kazi ya watoto? Mwaka huu tupige kura kwa mifupa, na wa kwanza uwe wako."

Simba akatunisha kifua. "Nilikuwa nawaza hivyo hivyo," alisema, ingawa hakuwa akiwaza lolote.

Fisi alipopata habari, udenda ulimdondoka. "Mimi ni nani nipinge amri ya Mfalme?"

Kulipokucha Simba alitangulia. Akatumbukiza mfupa wa paja la nyati, bado una nyama, katika mtungi wa Fisi, maana Fisi alimsifu kila siku. Wengine wote wakajaza wa Kobe. Hata Swala alikuja, kwa kuburutwa na Sungura, akautupa mfupa wake bila kuutazama.

Pangoni Fisi akaanza kazi yake ya kuhamisha. Mfupa mmoja ukampita karibu na pua. "Huu tu," alijiambia, "kura moja itapunguza nini?" Akautafuna. Akajiambia hivyo hivyo mara thelathini. Mtungi wa Kobe ulipokwisha, akaugeukia wa kwake.

Alasiri Simba akapindua mitungi mbele ya wote. Hakikudondoka kitu.

"Kura ziko wapi?"

"Ee Mfalme," Fisi alisema kwa huzuni, tumbo limemvimba, "wanyama wa siku hizi wamekata tamaa. Hakuja kupiga kura hata mmoja."

"Hata mmoja?" Simba akasimama. "Na mimi je?"

Fisi akafungua kinywa ajitetee, akacheua harufu ya nyati. Simba alimtimua mpaka ng'ambo ya bonde, na ukoo wake ukamfuata mbio.

Kura zikarudiwa papo hapo, kwa kokoto, mitungi ikiwa katikati ya uwanja na macho yote juu yake. Kobe akashinda. Mtoto wa Swala akanywa mpaka akapiga chafya.

Lakini Swala hakuondoka. Aliketi kando ya kisima, amekitumbulia macho kifuniko.

"Mama, nenda kapumzike," Kobe alimwambia kwa upole. "Mimi si mwizi."

"Naona, mzee wangu. Hata yule Fisi siku ya kwanza aliniambia hivyo hivyo."

Kobe ilimuuma, maana hakuwahi kuiba hata tone. Lakini akasogea, akampisha akae karibu zaidi. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.