Sahani Zisizorudi Tupu Brisolles

Sogeeni karibu, na mwenye kutafuna atafune kimya.

Kulikuwa na wakati, na wala si wa mbali kiasi cha kumtafuta marehemu aje kuutolea ushahidi, ambapo sahani katika mji wa Brisolles zilikuwa zikirudi tupu. Brisolles ni mji mdogo wa mawe huko mashambani Ufaransa, umekaa juu ya kilima kama kofia. Una ukuta wa enzi za wafalme, lango moja ambalo lori halipiti, kanisa lenye mnara uliopinda, na vichochoro vilivyotandikwa mawe ya kuumiza visigino. Wakati wa joto wageni walikuja, wakapiga picha milango ya watu, wakala aiskrimu, wakaondoka. Na wenye milango yao walikuwa watu wa adabu. Ukikutana nao walikusalimu vizuri, kisha wakaingia ndani wakafunga. Jirani akimpelekea mwenzake chakula, jambo lililotokea kwa nadra kama harusi ya vikongwe, sahani ilioshwa, ikafutwa, ikarudishwa inang'aa. Hapo yamekwisha. Hakuna aliyeona kasoro.

Ndipo akafika Bi Somoe.

Bi Somoe alitoka Mikindani, ambako nako kuna kuta za mawe za zamani, kwa hiyo hakushangaa sana. Alisema tu kwamba za kwao zina popo. Alifika mwezi wa kumi, baridi imeanza kuuma, kumlea binti yake Shamila aliyekuwa amejifungua mtoto wa kike. Huyu Shamila aliolewa na Mathieu, fundi wa kukarabati majengo ya kale, ambaye alikwenda Mikindani kutengeneza nyumba moja mbovu akaondoka na binti wa nyumba ya pili. Fundi mzuri, mkwe mzuri, ila kazi zake zilikuwa miji ya mbali. Aliondoka Jumatatu alfajiri akarudi Ijumaa jioni. Bi Somoe alikuwa ameruhusiwa kukaa siku arobaini na tano. Arobaini za uzazi, tano za kukunja nguo na kuagana.

Kupika, kufua, kumkanda mzazi kwa maji ya moto, hayo hayakumsumbua. Kilichomsumbua ni siku ya arobaini na sita. Kwao Mikindani mzazi hanyanyui hata kijiko, na mtoto hulala mikononi mwa watu mpaka mama yake anaomba apewe naye amwone. Hapa siku kumi na mbili zilipita mlango umegongwa mara moja tu, na aliyegonga alikuwa mtu wa posta aliyekosea nyumba. Bi Somoe akamuuliza binti yake, mimi nikiondoka nani atakushikia mtoto ukioga? Shamila akajibu kwamba atamlaza kwenye kikapu chake mlangoni mwa bafu, aoge harakaharaka. Mwaka wa pili sasa anaishi Brisolles, akasema, na hajui ndani ya nyumba ya mtu yeyote kukoje. Aliyasema hayo huku anakunja nepi, bila kuinua uso.

Kesho yake Bi Somoe akatoa chuma cha vitumbua alichokibeba kwenye begi kikiwa kimeviringishwa kwenye kanga tatu. Akapika. Akajaza sahani tano, akazifunika kwa vitambaa, akazipeleka mwenyewe kwenye nyumba tano za kichochoro kile. Lugha hakuwa nayo. Alionyesha nyumba ya bintiye kwa kidole, akabembeleza hewa kama anayebeba mtoto, akatia sahani mkononi mwa mtu kabla hajakataa. Wote walipokea. Wote walishukuru mpaka wakawa wekundu.

Siku mbili baadaye sahani zilianza kurudi. Moja, mbili, zote tano, kila moja imeoshwa kuliko ilivyotoka dukani, na moja ina kadi yenye picha ya ua. Kitu kingine, hakuna. Bi Somoe akazipanga mezani akazitazama. Kwao sahani hairudishwi tupu. Unatia hata ndimu, hata mayai mawili, hata chumvi kwenye karatasi. Nyumba inayorudisha sahani tupu ni ile ambayo jiko halijawashwa, na hata hiyo huifunika kitambaa, ipite njiani kama imejaa, watu wasijue.

Basi Bi Somoe akaelewa, au alidhani ameelewa. Mji huu una njaa.

Na akishajua hivyo, kila alichokiona kikamthibitishia. Watu wazima walitoka dukani na mkate mmoja mwembamba, hauna hata mfuko, na kabla hawajafika kwao wameshaumega ncha wakautafuna njiani. Maduka yalifungwa mchana kwa saa mbili nzima, bila shaka kwa sababu hayakuwa na cha kuuza. Jibini iliyoota ukungu wa buluu haikutupwa, ililiwa, na watu wakasifu. Na huyo jirani wa mbele, Madam Odile, mjane mwembamba mwenye sweta la viraka viwili kwenye viwiko, alionekana sokoni akinunua nyanya mbili. Mbili. Kwa wiki.

Shamila alicheka mpaka nyuzi za mshono zikamuuma. Akaeleza kwamba si njaa, ndivyo wanavyoishi, na Madam Odile ana shamba la mizabibu upande mzima wa kilima. Bi Somoe hakuamini neno. Mwanangu anawasitiri wakwe zake, akasema moyoni, na akamsifu kwa malezi mema aliyompa yeye mwenyewe. Akaendelea kupika. Jumapili akampelekea Madam Odile wali wa nazi. Jumanne maharage. Jumatano sufuria nzima ya mchuzi wa kuku, na akambonyeza mkono kwa huruma wakati wa kumkabidhi.

Alhamisi Madam Odile akavuka kichochoro. Hakuja kushukuru. Alisimama mlangoni na sufuria tupu kifuani kama askari na ngao, akamwambia Shamila atafsiri bila kupunguza. Alisema ameuliza nyumba zote kwa nini yeye ndiye anayeletewa sadaka kuliko wengine. Alisema baba yake, na babu wa baba yake, hawakuwahi kulishwa na mtu.

"Mwambie mama yako mimi si maskini."

Shamila akatafsiri kwa sauti ya chini. Bi Somoe akafuta mikono yake kwenye kanga, akamtazama mwanamke mwenzake juu mpaka chini.

"Mwulize, kama si maskini, kwa nini sahani yangu inarudi tupu?"

Shamila alisita. Mama yake akamwambia aseme kama alivyoambiwa, hakumsomesha ili awe bubu. Akasema. Madam Odile akaangalia ndani ya sufuria kama anayeitazama mara ya kwanza. Akauliza, sasa taratibu kidogo, ilitakiwa iwe na nini.

"Chochote," Bi Somoe akasema. "Hata chumvi. Mimi chumvi ninayo. Nataka sababu ya wewe kurudi hapa na mimi kuja kwako, kisha wewe tena. Tarehe nane naondoka. Nikiondoka, nani atamshika mtoto huyu mama yake akioga?"

Shamila alilitafsiri hilo la mwisho kwa shida, maana lilikuwa lake. Madam Odile aliweka sufuria kwenye kizingiti, akageuka, akafunga mlango wake.

Siku ile Shamila hakula. Alimwambia mama yake kwamba majirani walikuwa wanamsalimu angalau, na sasa hata salamu zimekwenda. Yeye ndiye atakayebaki na watu hawa, siyo mama. Ijumaa ikapita mlango wa Madam Odile umefungwa. Bi Somoe akaacha kupika. Chuma cha vitumbua akakirudisha kwenye begi.

Jumamosi asubuhi mlango ukagongwa. Alikuwa Madam Odile, na mkononi alikuwa na sahani yake mwenyewe, ya maua, kuukuu, imefunikwa kitambaa cheupe. Ndani mlikuwa na chupa ya jamu ya tini, bado ya moto. Alieleza kwa ukali kwamba tini huchukua siku mbili kuiva vizuri, na yeye hawezi kumpelekea mtu kitu cha dukani, ana haya zake. Kisha hakusimama mlangoni. Aliingia, akavua koti, akalitundika, akaenda kwenye beseni la jikoni akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, akakaa kwenye kiti, akanyoosha mikono yote miwili.

"Nenda kaoge," akamwambia Shamila.

Shamila alioga mpaka maji ya moto yakaisha. Wale wazee wawili walibaki jikoni bila lugha ya pamoja, wakikosoana kwa vidole namna ya kumshika mtoto, na mtoto akalala katikati ya ugomvi huo.

Nyumba nyingine nne zilipata habari, kwa maana Madam Odile alizigongea moja moja akaziambia zimekiaibisha kichochoro. Zikaja na mayai, asali, kabichi nzima, soseji ambayo Bi Somoe aliipokea kwa shukrani kisha akampa Mathieu ale peke yake. Tarehe nane ilipofika, waliomsindikiza mpaka langoni walikuwa saba, na mtoto hakujulikana yuko mikononi mwa nani.

Kuanzia Jumamosi ile sahani za Brisolles hazikurudi tena tupu. Ukienda leo utaziona zikipanda na kushuka vichochoro, zimefunikwa vitambaa, na wageni wanazipiga picha pamoja na milango. Mwenye kuwatembeza huwaambia ni desturi ya tangu wafalme. Mwacheni aseme, anatafuta riziki. Ila yeyote anayejifungua ndani ya ukuta ule, awe wa pale au aliyetoka mbali, hajui kuoga harakaharaka. Mwenye kuleta sahani haishii mlangoni. Anaingia, anavua koti, ananawa kwanza.