Ndezi wa Bwana Chilumba

Bi Somoe alikuwa na bustani ya mchicha na ndezi waliomzidi akili, au ndivyo alivyopenda kusema. Alisimika sanamu akaivisha gauni lake. Ndezi, wale panya wakubwa wa kichakani, wakala mchicha kisha wakajilalia chini ya pindo lake. Siku tego liliponasa wawili wanono, jirani yake Bwana Chilumba, tajiri asiyepitwa na kitoweo, alikuja mbio.

"Walete! Wamenenepa kwa kabichi zangu. Ndezi wote wa kichaka hiki ni wangu!"

"Shikamoo, Bwana. Na mimi mjinga nilidhani ni wa porini! Kichwa hiki kazi yake kubeba ndoo tu. Twende ukayaseme mbele ya mjumbe, nisije nikasahau."

Kwa mjumbe wa kijiji, Chilumba alipaza sauti: "Wote, wakubwa kwa wadogo, ni mali yangu!"

Bi Somoe akamkabidhi wale wawili, akamgeukia mjumbe.

"Umesikia. Basi mifugo ya Bwana imemaliza mchicha wangu. Sheria ya kijiji inasemaje?"

"Mwenye mifugo ajenge uzio."

Wiki nzima Chilumba alizungushia kichaka wavu wa waya, Bi Somoe akimshikia misumari.

"Shusha chini zaidi, Bwana. Mimi sijui kitu, lakini wanyama wako wanachimba."