Nafasi Moja Juu ya Gari la Zimamoto

Hapo zamani, wala si zamani ya kutisha, maana televisheni zilikuwepo, katika mji mmoja wa pwani ya Kolombia aliishi msichana aitwaye Marleny. Mbio alikuwa nazo! Akitumwa chumvi, anarudi mama hajafunika sufuria.

Mji ule una desturi yake. Bingwa akirudi na dhahabu, hupandishwa juu ya gari la zimamoto akazungushwa mitaani, king'ora kikilia. Ubavuni pake hukaa mtu mmoja tu, yule ambaye bingwa mwenyewe amemvuta kwa mkono. Mji mzima husema: huyo ndiye aliyemfanya. Waliobaki watembee kwa miguu wakila vumbi.

Marleny akarudi na dhahabu ya mita mia ya Amerika Kusini. Akapanda. Chini wakasimama watatu.

Mama yake, Eufemia, akasema: "Mwanangu, ulipochanika msuli madaktari walisema basi. Nani alikukanda kwa maji ya moto kila alfajiri? Huyu kocha wako hata hali hakuja kukujulia."

Kocha Anibal akasema: "Niliona aibu. Mimi ndiye niliyemkimbiza na maumivu yake. Lakini mama, ulipochoma viatu vyake ukisema mbio hazileti mume, nani alimvua mwanawe vyake akampa huyu? Na nani alimfundisha kuchomoka mstarini bastola ikilia? Alikuwa akiinuka kama anatoka kitandani!"

"Nilivichoma, ndiyo. Na wewe ukamvunja. Tumelingana."

Wa tatu alikuwa Dayra, mzaliwa wa mji uleule na hasimu wa Marleny katika mbio. Siku ya fainali Dayra alichomoka kabla ya mlio wa bastola, Marleny akashtuka akamfuata. Waamuzi wakamwona Marleny peke yake, wakataka kumtoa. Dayra akainua mkono: "Ni mimi." Akatolewa yeye, mbio zikaanzishwa upya, Marleny akashinda.

"Mimi sikumkanda wala sikumfundisha," akasema Dayra. "Nilisema kweli, basi."

Eufemia akacheka. "Kosa ni lako, binti. Mwizi akirudisha kuku, tumpikie karamu?"

"Mama, ningenyamaza, leo ungekuwa unanipungia mimi. Mwaka mzima hakuna aliyeniacha nyuma, hata mwanao."

Marleny alijua ni kweli, na ilimuuma kuijua. Alijua pia kwamba bila mama asingekuwa na mguu, na bila kocha asingefika fainali. Na yeyote atakayemwacha chini atasikia, mbele ya watu wote: wewe hukunifanya.

Dereva akatoa kichwa dirishani. "Wee binti, injini inachemka! Vuta mtu twende!"

Mkono mmoja Marleny ameshika chuma asianguke. Akanyoosha wa pili. Chini ikainuka mikono mitatu.

Haya, ninyi mnaojua sana mambo ya watu, semeni. Na msiniambie wote, nafasi ni moja. Je, nani alistahili kuvutwa?