Nafasi ya Mheshimiwa Chini ya Kikapu

Paukwa!
— Pakawa!
Kikapu!
— Cha nini?
Cha chuma, hakina kitako, tia embe linatoka.
— Tia, tulione!

Basi hapo kale, si kale sana maana vyeti vilikuwapo tayari, palikuwa na chuo cha wanyama, na chuoni palikuwa na timu ya mpira wa kikapu. Kapteni alikuwa Kiboko. Mpira ukienda kulia, Kiboko huyo, du! du! du! Mpira ukienda kushoto, Kiboko huyo, du! du! du! Mwenzake akiomba pasi, Kiboko humjibu, "Mpira wa kwenu huu?"

Mwaka huo akaja Twiga, kijana wa mwaka wa kwanza, miguu kama ngazi, macho ya aibu. Kocha Ngiri akamtazama juu, akamtazama chini. "Wewe mrefu. Wewe senta. Simama chini ya kikapu. Kwisha."

Kwisha kweli. Pale chini kuna viwiko. Twiga akipigwa kiwiko, anasema "sori". Akikanyagwa, anasema "sori". Mpira ukimdondokea kichwani, tii! anauambia mpira "sori".

Jumatatu Kocha akamwita. "Kijana, chuo kinakusomesha kwa sababu ya mpira. Jumamosi tunacheza na Nyani wa ng'ambo ya mto. Usipoipata nafasi yako, Jumapili ufungashe virago."

Twiga akaenda nyuma ya bweni, akalaza shingo juu ya kamba ya nguo, akalia. Kamba ilikuwa ya Pimbi. Huyu Pimbi, mdogo kama kiatu, alimaliza chuo hicho hicho zamani. Digrii anayo. Kila akiomba kazi anaambiwa, "Eksipiriensi miaka mitano." Basi anafua jezi za timu huku akingoja.

"Mdogo wangu," Pimbi akasema, "unaninyeshea jezi zilizokauka."

"Sori, kaka. Mama anakuja Jumamosi. Anatembea siku mbili. Nitamwambiaje?"

"Utamwambia shikamoo. Sasa nirushie hiyo jezi."

Twiga akarusha huku analia, macho kwingine kabisa. Pimbi alikuwa akikimbilia upande wa pili wa kamba. Jezi ikamkuta huko huko, chwaa! "Nyingine!" Chwaa! Pimbi akageuka ghafla. Jezi nayo ikamfuata. Chwaa!

"Umejuaje ningepita huku?"

"Ulitazama huku kwanza," Twiga akasema. "Kaka, nikiwa mbali naona kila mtu anakotaka kwenda. Nikiwa katikati yao naona mbavu tu."

Pimbi akaenda mbio kwa Kocha. "Kocha, huyu kijana mweke mbali na kikapu, agawe mipira."

"Nafasi ya kugawa anayo Kiboko."

"Kiboko hagawi!"

"Lakini nafasi anayo."

Jumamosi asubuhi Pimbi akachukua chaki. Chini ya kikapu akachora duara, ndani akaandika: NAFASI YA MHESHIMIWA TU. Akaanza kufagia kando yake, fyu, fyu, fyu.

Kiboko akaja. "We Pimbi, mheshimiwa gani?"

"Mimi mfua jezi tu, bosi, nitajuaje? Nasikia mwenye nafasi hiyo hakimbii. Analetewa mpira mkononi. Kazi yake kutumbukiza na kupigiwa makofi."

"Analetewa?"

"Analetewa. Ila usiguse, pana mwenyewe."

Lile neno "usiguse" lilimkaa Kiboko kama pilipili puani.

Mechi ikaanza. Twiga akaenda kusimama pale alipopangiwa. Kiboko akamsukuma, bwi! "Toka! Hujui kusoma?"

"Nisimame wapi, kapteni?"

"Kule mbali! Uniletee mpira!"

Twiga akatoka mpaka mbali. Akainua shingo. Hakuna kiwiko. Hakuna mbavu. Akaona uwanja wote, na ukingoni akamwona mama yake, miguu imejaa vumbi la siku mbili.

Pasi kwa Swala, chwaa! Pasi kwa Kiboko, chwaa! Nyani wakimvamia Kiboko, wanadunda kama wamegonga ukuta. Maana naye, maskini, kumbe alizaliwa kwa ajili ya pale pale.

"Wangu yule!" mama akapiga vigelegele. "Yule anayegawa!"

Dakika ya mwisho, timu ziko sare. Twiga akatazama kushoto, Nyani wote wakaenda kushoto. Mpira ukaenda kulia. Kiboko akautumbukiza. Prrriii!

"Mmeiona nafasi yangu?" Kiboko akanguruma. "Sitoki hapa mpaka nimalize chuo!"

Kocha akaandika kwenye daftari lake: Nimemtafutia Twiga nafasi.

Jumapili Twiga hakufungasha. Alimpeleka mama nyuma ya bweni, kwenye kamba. Mama akamtazama Pimbi, akauliza, "Mwanangu, wewe umekula?" Pimbi alikuwa hajaulizwa hivyo tangu amalize chuo. Akajifanya anakamua jezi.

Twiga akainama mpaka chini. "Panda, kaka."

Pimbi akapanda, akakaa katikati ya pembe. Kwa mara ya kwanza akauona upande wa pili wa ukuta wa chuo.

"Unaona nini?"

"Kwa mbali naona kama kuna nafasi."

"Ya nani?"

"Usiulize. Nitembeze tu."

Basi wanangu, funzo ni hili: mheshimuni kapteni, msiguse viti vya wakubwa, na muwe wachoyo kama Kiboko, maana yeye hakukosa kitu.

Hadithi imeingia kikapuni, imetokea chini. Ikiwa tamu, mpasie mwenzio. Ikiwa chungu, mpe Kiboko, yeye hupokea chochote.