Karata ya Panzi na Kilio cha Pimbi

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa gani hiyo, ya watu wanaosinzia? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Lakini hii si ya kuchekea, nawaambia mapema.

Hapo zamani za kale wanyama walipatwa na kiangazi. Kiangazi hasa! Mito ikakauka, majani yakakauka, hata mate yakakauka. Ikabaki chemchemi moja tu, chini ya majabali. Wakasema, "Tukipigana tutakwisha. Tucheze karata. Atakayeshinda, yeye na wanawe wanywe kwanza mpaka mvua zije. Wengine tungoje masalio."

Basi kila mnyama akaja na karata zake. Amezichora mwenyewe kwenye magome, na nyingine amebadilishana na wenzake, Panzi wawili kwa Nyuki mmoja. Panzi ndiyo karata ndogo kuliko zote. Kubwa kuliko zote ni Simba, na mtu aweza kuwa na Simba wawili. Unailaza kifudifudi, unaitaja jina. Na uongo ruksa! Mwenzako akiogopa, anasema "Nakimbia," umemla. Asipoogopa anasema "Funua!" Hapo mwenye kubwa ndiye mshindi.

Bi Pimbi alikuwa na watoto watatu. Kitindamimba wake, Mashavu, midomo ilikwisha kumpasuka kwa kiu. Akingoja masalio, hamalizi mwezi. Pimbi alilijua hilo, na roho ilimwuma. Lakini alikuwa na ila moja. Akisema uongo, masharubu humtetemeka. Tete-tete-tete! Na mpinzani wake wa mwisho alikuwa Nyani, msoma nyuso, aliyekwisha kuwala Ngiri na Swala bila kutoka jasho.

Pimbi akawaza, akawazua, akapata hila.

Mnajua, pimbi akiona tai hulia "Kwii!" Anayesikia hutazama juu, na mwenye shimo huingia shimoni. Basi Pimbi akawaambia wanawe waliokaa juu ya jabali, "Wanangu, leo mkisikia nalia, msikimbie. Ni mchezo tu, namchezea Nyani."

"Na tai akija kweli, mama?" akauliza Mashavu.

"Atakuja wapi, na umati wote huu!"

Tai alikuwapo. Alikaa juu ya mti mkavu, kimya. Hakuja kucheza karata, yeye.

Mchezo ukaanza, mara tano. Pimbi akaweka Panzi. "Chui!" akasema. Masharubu tete-tete! "Kwii!" akalia. Nyani akaruka, macho juu. Mbingu nyeupe, hakuna kitu. Aliporudisha macho, masharubu yametulia.

"Nakimbia," akasema Nyani.

Mara ya pili Pimbi akalia tena. Nyani akasema, "Aa, nimekujua! Funua!" Ikafunuliwa. Simba wa kweli! Mara ya tatu Pimbi akanyamaza kimya. Mara ya nne akalia mara tatu. Zote mbili akazishinda Nyani, lakini kwa kubahatisha, jasho likimtiririka.

"Shemeji, wewe hueleweki," akasema.

"Karata si barua, shemeji. Haisomwi."

Na watoto kule juu ya jabali? Kila "Kwii!" wanacheka. Wakaifanya wimbo: "Kwii, kwii, mama ana Simba!"

Sasa ni mbili kwa mbili. Karata ya mwisho. Pimbi akaweka Panzi, maana hakubakiwa na nyingine. "Simba," akasema. Masharubu tete-tete-tete!

Nyani akacheka. "Safari hii sitazami juu, shemeji. Nakutazama wewe." Akafungua kinywa aseme "Funua."

Pimbi akainua macho. Mti mkavu ulikuwa mtupu. Kivuli kinapita juu ya majabali.

"Kwii!" akalia. "Kwii! Kwii! Kimbieni, wanangu, kimbieni!"

Wale wakubwa wawili wakatazamana. Mashavu akapiga makofi. "Mama ana Simba! Mama ana Simba!"

Nyani akamsikia. Akawaza, mama mtu ni mwongo, lakini mtoto mdogo hajui kudanganya.

"Nakimbia," akasema, akatupa karata zake chini.

Vuuu! Tai akapita. Juu ya jabali wakabaki wale wakubwa wawili.

Wanyama wakasema, "Bi Pimbi, umeshinda. Chemchemi ni yako." Ngiri akaifunua ile karata. Panzi. Hakuna aliyecheka. Nyani mwenyewe aliinamisha kichwa, akaondoka.

Wakanywa, mama na watoto wawili. Maji yalikuwa mengi, yangewatosha wanne na yakabaki. Pimbi alikunywa huku analia, na kilio hicho hakikuwa na hila.

Na tangu siku hiyo, Pimbi akilia "Kwii!" wanawe hutazamana kwanza. Huulizana, "Kweli, au anacheza?" Ndipo wakimbie. Tai anajua hilo. Huwa hana haraka.

Ndugu zangu, mpinzani mfiche uso wako, mgeuzie maneno, asijue kesho utaamkia wapi. Mchezo ndivyo ulivyo. Lakini walio wako, sauti yako kwao iwe moja. Ukiwachanganya na wao, utashinda, na huyo uliyemshindania hatakuwapo.

Hadithi yangu imeishia hapo. Wenye watoto, nendeni mkawaite, msikie kama wataitika.