Mtengeneza Besi Aliyeogopa Kupona

Palikuwa na mtu mmoja, ndugu zangu, kazi yake ilikuwa kutengeneza ngurumo. Sisemi ngurumo ya mvua. Nasema ile besi ya muziki wa kompyuta, ambayo vijana wakiifungulia vioo vya madirisha vinalia, na wewe mzazi unasikia kifua kinaitikia kabla masikio hayajajua kuna nini. Wengine wenu mnaichukia. Nivumilieni.

Besi hiyo hainyooki, inayumba. Ni kama mtu ananguruma ndani ya mtungi na mwingine anauziba na kuuzibua mdomo wake. Siku hizi si lazima mtu aiyumbishe. Unaiamrisha kompyuta, yumba mara nne, yumba mara nane, nayo inayumba yenyewe, haikosei wala haichoki. Na kama hata hiyo ni kazi kwako, mtandaoni kuna besi zilizokwisha kupikwa. Unapakua, unaweka jina lako. Ndiyo maana katika mji wa mtu huyu walikuwapo maprodyuza kumi na mmoja, na ukimsikia mmoja umewasikia wote.

Naye alikuwa mmojawapo. Alipakua kama walivyopakua wengine, mpaka siku moja kwenye sherehe ya kumuaga binti wa watu, amesimama kando ya spika akisubiri sifa, prodyuza mwenzake, rafiki yake wa siku nyingi, akapaza sauti mbele za watu:

"Kaka, hii besi umeivaa bila kuifua? Juzi ilikuwa kwangu, jana kwa jirani, leo iko kwako na bado ina jasho letu!"

Watu wakacheka. Yeye pia akacheka, maana ungefanya nini? Lakini alirudi nyumbani na neno lile limemkaa kooni kama mwiba wa samaki. Tangu hapo alikuwa na hofu moja tu: kufanana. Aliogopa kwamba mtu atasikia kazi yake na asijue ni ya nani.

Akafuta zile sauti zote za kupakua. Akatafuta kisanduku kikuukuu cha kutoa sauti, chenye vitufe vya kuzungusha. Ukizungusha kulia sauti inafunguka, ukizungusha kushoto inajifunga. Akasema, nitaiyumbisha kwa mkono wangu. Akaiyumbisha miezi sita. Ikatoka besi ya kawaida, ya mkono wa kawaida.

Kisha mkono ukaanza kutetemeka.

Mwanzoni alidhani ni njaa. Akala, ukatetemeka. Akadhani ni chai nyingi. Akaacha chai, ukatetemeka. Alikuwa akikonda huku anakula kwa wawili, na katika baridi ya mwezi wa saba, wenzake wamejikunyata ndani ya makoti, yeye anatembea na fulana iliyolowa jasho. Adhuhuri moja akakaa mbele ya kile kisanduku, akashika kitufe kwa ule mkono usiotulia, akarekodi. Alipojisikiliza akavua spika za masikioni, akazitazama, akazivaa tena. Ndani ya besi kulikuwa na kitu kinachohema. Kilikuwa kinayumba, na ndani ya kuyumba kwake kinatetemeka, kama mnyama mkubwa aliyeshikwa na baridi. Hakuna kompyuta iliyowahi kuamrishwa hivyo.

Ndugu zangu, mnajua kilichofuata. Mji mzima ukamjia. Wale kumi wakampa jina, wakamwita Mzee wa Tetemeko. Yule rafiki aliyemcheka akaja na kofia mkononi: "Kaka, nimekukubali. Hebu nioneshe unabonyeza wapi." Yeye akatabasamu, akaficha mkono chini ya meza.

Angeonesha nini? Angesema, ugua kwanza?

Walio mbali wakaona umaarufu wake. Mkewe alikuwa karibu, akaona mengine.

"Baba Atupele," alimwambia siku moja, anakunja nguo za mtoto mchanga, "tangu mwezi wa tano sijakupa mtoto umbebe. Hujauliza kwa nini."

Kweli hakuwa ameuliza. Alifikiri mtoto analala sana.

"Nampa hata mama wa jirani, mwenye miaka sabini. Wewe sikupi. Twende hospitali."

Wakaenda. Daktari alikuwa dada mmoja asiye na maneno mengi. Akampapasa shingo, akamwambia anyooshe mikono, akaweka karatasi juu ya vidole vyake. Karatasi ikacheza kama jani. Vipimo viliporudi akasema, "Ni tezi ya shingo, kaka. Inafanya kazi kupita kiasi. Ndiyo inayokukondesha, ndiyo inayokutetemesha, na ikiachwa itauchosha moyo mpaka usimame. Lakini dawa ipo. Meza kila siku, usikatishe. Mkono utatulia."

"Utatulia kabisa?"

"Kabisa."

Mkewe alifumba macho akashukuru. Naye? Ninyi mngefikiri alishukuru pia. Mtu ameambiwa hatakufa! Lakini moyoni alisikia kama ameambiwa kwamba nyumba yake itavunjwa. Msimcheke. Mtu akiishi na ugonjwa wake vya kutosha, ugonjwa unapata kiti mezani, na siku ukiondoka kile kiti kinaonekana kitupu.

Alimeza, lakini. Alimpenda mkewe, akameza. Wiki ya tatu mkono ukatulia. Mama Atupele akamwekea mtoto kifuani, akakaa pembeni, na mtoto akalala pale saa nzima. Jumapili iliyofuata mama huyo alisimama kanisani, akashuhudia. Akasema, Mungu amemponya mume wangu. Kanisa likapiga makofi.

Jumatatu mume akarudi kwenye kisanduku. Kitufe kikazunguka laini, kama kimepakwa mafuta. Kila alipoiambia besi iyumbe, iliyumba hapo hapo, sawasawa, kisha ikatulia. Alitengeneza biti moja, muziki mtupu bila mwimbaji, akaisikiliza mpaka mwisho, na kila sekunde akasikia lile neno la kwenye sherehe: umeivaa bila kuifua. Akaona aibu. Akampa mshereheshaji mmoja aliyekuwa anatafuta muziki wa kuingizia maharusi. Akamwambia, "Chukua tu. Jina langu usiliweke."

Jioni ile hakumeza kidonge. Wala ya pili yake.

Mkewe alipouliza, akamwambia dawa zimekwisha, daktari amesema inatosha. Sidhani kama alikusudia kuwa mwongo. Alikusudia kubaki yeye. Mkono uliporudi kutetemeka, baada ya wiki chache, aliupokea kama mtu anavyompokea ndugu aliyetoka safari. Nao moyo ukaanza kukimbia akiwa amekaa, naye akajiambia ni furaha. Ushuhuda wa mkewe ulipotajwa tena kanisani, aliitikia Amina kama wengine, ameukalia mkono.

Aliendelea hivyo kwa mwaka mmoja na miezi minne. Besi zake za mwaka ule, wanasema, zilikuwa za kutisha. Mwishoni hakuweza kupanda ngazi nne bila kushika ukuta. Miguu ikavimba. Siku aliyoanguka kwenye studio, walimkuta amelalia nyaya, na ile besi inarudia rudia, hakuna wa kuizima.

Sasa sikilizeni.

Amelazwa wodini, ameegemezwa mito mitatu kwa sababu akilala chali hapati pumzi. Ni saa ya kuwaona wagonjwa. Yule rafiki yake anaingia, ameshika mfuko wa ndizi, hajui aweke wapi uso wake, basi anaanza na utani, kama tunavyofanya wote.

"Kaka, hapa umekuja kupumzika au kukwepa kazi? Na halafu unatuficha."

"Nimeficha nini?"

"Ile biti ya mshereheshaji. Ya kuingizia maharusi. Mji mzima unaitumia, na wewe kimya."

"Si yangu."

"Acha masihara. Tulikuwa sita kwa kinyozi siku ilipopigwa redioni. Haikutajwa jina. Haijafika nusu dakika, wote sita tukasema ni wewe."

Mgonjwa akajiinua kidogo. "Mlijuaje? Ile haina tetemeko. Mkono ulikuwa umetulia."

"Tetemeko?" Rafiki akacheka kidogo, cheko la mtu aliye karibu na kulia. "Kaka, tetemeko tulishaliiba. Mwaka jana mwenzetu mmoja alikaa na kompyuta wiki mbili akalipata lote. Sasa hivi liko mtandaoni, mtu yeyote analipakua. Hatukukuambia tu, tuliona utaumia. Kilichotushinda ni jinsi unavyosubiri."

"Ninasubirije?"

"Kabla besi haijaingia. Wewe unaacha nafasi. Mtu anadhani umeme umekatika. Ndipo unaingia. Ulikuwa unafanya hivyo hata zamani, hata na zile besi za kupakua, hata siku ile niliyokucheka. Sisi tumejaribu, hatuwezi. Tunaogopa watu watatoka ukumbini. Wewe tu ndiye huogopi kunyamaza."

Akamenya ndizi, akampa. Mgonjwa hakuipokea.

Rafiki alipoondoka, mgonjwa alimwita mkewe karibu. Ilimchukua muda kupata pumzi ya kuyasema.

"Mama Atupele. Zile dawa hazikwisha. Niliziacha mwenyewe."

Mwanamke yule hakupiga kelele. Alikuwa na kitambaa cha kumfutia jasho, akakikunja mara mbili, mara nne, mpaka hakikukunjika tena.

"Nilisimama kanisani," alisema. "Nilisimama mbele ya watu wote nikashukuru."

Wakamwita daktari, yule yule dada. Mume akamwomba vidonge, aanze leo, aanze sasa hivi. Daktari akamwambia ukweli, maana ndiyo kazi yake: "Tutakupa. Na mkono utatulia, kama mwanzo. Ila moyo, kaka, umekimbia mno. Sijui kama utarudi."

Akameza. Mkono ukaanza kutulia. Siku ya tisa akafa.

Ndugu zangu, naona wengine mmeinamisha vichwa, na mwenzangu mmoja huko nyuma anajiambia, mtu gani mjinga hivyo, anaacha dawa kwa ajili ya muziki? Usimhukumu haraka. Wangapi kati yetu hatutengenezi muziki wowote, na bado tunafanya vile vile?

Tuna hasira tuliyorithi, watu wanatuheshimu kwa sababu yake, na tunajiuliza: ikiondoka, nani ataniogopa? Tuna jeraha la miaka ishirini, baba aliyetukataa, mume aliyetuacha, na tumelisimulia mpaka limekuwa ndiyo jina letu. Mtu akija na msamaha mkononi tunamtazama kama mwizi. Tuna ulevi, tunasema bila chupa mimi si mcheshi tena. Tuna kiburi, tunakiita msimamo. Mungu anatukaribia, anatuuliza kwa upole kama tunataka kupona, na sisi tunamjibu kwa hofu ya mtu yule: nikipona, nitabaki nani? Si nitafanana na wengine wote?

Ni swali la kweli, silidharau. Aliyeliuliza hakuwa mbaya. Lakini jibu lake alipewa na mtu aliyekuja na ndizi, na lilikuwa limechelewa mwaka na miezi minne. Alichokililia kama nafsi yake kilikuwa kitu cha kuibwa kwa wiki mbili. Ugonjwa hauna upya, ndugu zangu. Hasira yako inafanana na hasira yangu. Uchungu wako ukiupima na wa jirani utakuta umeshonwa na fundi mmoja. Shetani hana ubunifu, anapakua. Kile ambacho Mungu alikuwekea wewe peke yako kilikuwapo kabla hujaugua, kilikuwapo hata siku uliyokuwa unaiga, na wenzako walikiona wakakitamani, ila hawakukuambia.

Na hilo linanitisha kuliko lote. Wale watu sita kwa kinyozi walijua. Walijua mwaka mzima. Hata mmoja hakuacha kazi yake akaenda kumwambia, kaka, tunakutambua hata ukiwa umetulia. Waliona haya. Waliona si jambo la mwanaume kumwambia mwanaume. Wakaliacha neno pale pale kwa kinyozi.

Basi nina mawili tu kwenu, kisha mkae na wenzenu. Kama wewe ndiye unayeficha mkono, kuna mtu nyumbani kwako anayeshukuru kwa uponyaji ambao hukuupokea. Usimwache aendelee kushukuru peke yake. Mwambie leo, kabla ya chakula. Na kama wewe ni mzima, geuka umtazame aliyekaa karibu nawe. Unajua kitu gani kizuri juu yake ambacho yeye hakijui? Mbona hujamwambia? Unasubiri alazwe?