Wiki ya Pili ya Septemba

Ndugu zangu, huko nyanda za juu, kwenye baridi, aliishi mzee mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kupima mvua. Kwa miaka thelathini na mmoja, kila siku saa tatu asubuhi, alikwenda kwenye kipimo nyuma ya ofisi, akasoma milimita, akaandika. Hata siku isiyo na mvua aliandika: sifuri. Mtu wa namna hiyo hakurupuki.

Mkewe hakuwahi kufika baharini. Aliiona bahari kwenye kalenda ya ukutani na kwenye televisheni ya jirani, basi. Siku mzee alipostaafu alimwambia, "Mama, tutakwenda kisiwani, tukae wiki nzima. Hutaosha hata kijiko." Mkewe akacheka, akanunua doti ya kanga kwa ajili ya safari, akaiweka sandukuni.

Lakini waende lini? Hapo mpima mvua akaingia kazini. Machi hadi Mei ni masika, mvua haikatiki. Juni hadi Agosti kusi inavuma, boti inayumba, na mkewe hutapika hata ndani ya basi. Oktoba na Novemba ni vuli. Desemba watu hujaa kisiwani kama siafu. Januari na Februari joto lake si la mtu aliyezoea sweta. Akaipepeta miezi yote kumi na miwili mpaka ikabaki wiki moja: wiki ya pili ya Septemba. Bahari imetulia, jua si kali, na maji yanang'aa hata ukisimama ndani unahesabu vidole vya miguu.

Je, alikosea? Hakukosea. Hesabu yake ilikuwa sahihi.

Septemba ya kwanza binti yao alijifungua, wakaenda kumlea mzazi. Ya pili, redio ilitangaza mvua nje ya msimu, mzee akaahirisha. Mvua yenyewe haikunyesha. Mkewe hakulalamika. Wenzake wa kwaya walipomtania, aliwajibu kwamba bahari bado inavaa, ikimaliza kujipamba itawaita.

Mwaka wa tatu, mwezi Machi, mama akaanza kumimina chai nje ya kikombe. Daktari akawaambia ni presha ya macho, na imechelewa kugunduliwa. Dawa itapunguza mwendo wake, haitarudisha kilichokwisha kwenda. Mzee akauliza kama macho yatafika Septemba. Daktari akasema hawezi kuahidi.

Njiani kurudi nyumbani mzee alianza kupiga hesabu upya. Labda mwisho wa Juni. Labda wapande boti kubwa. Mkewe akamshika mkono.

"Mzee wangu, Septemba mimi nitakuja. Macho ndiyo hayatakuja."

Wakaenda Aprili, masika yenyewe. Mzee alipopiga simu nyumba ya wageni, mwanamke aliyeiangalia alimwambia wamefunga, wanapaka rangi vyumba, mwezi huo hakuna mgeni anayekuja. Mzee akamweleza habari ya macho. Yule mwanamke akasema, "Njooni. Mtakula tunachokula."

Sasa sikilizeni alichofanya mzee. Siku ya kwanza mvua ilinyesha. Akamwambia mkewe watulie ndani, mawingu yatapita. Siku ya pili alisimama kibarazani tangu asubuhi akisoma anga, na kila baada ya muda aliingia chumbani kusema, "Bado kidogo." Bahari ilikuwa hatua hamsini kutoka kitandani. Alikuwa amesafiri siku mbili, amefika, na bado alikuwa anaingojea Septemba.

Mnaliona hilo? Mtu anaweza kufika na bado akaahirisha.

Siku ya tatu aliamka akakuta mkewe hayupo kitandani. Akatoka nje. Mama alikuwa majini hadi magotini, kanga moja kiunoni, moja kichwani, zote zimelowa, amemshika mkono yule mwanamke wa nyumba ya wageni. Mvua iliwapiga. Bahari ilikuwa na rangi ya maji yaliyooshewa mchele.

Mzee alisimama mchangani, akaanza kuomba radhi. Akasema si hii aliyotaka aione. Ile ya Septemba ni buluu. Hii siyo yenyewe.

Mkewe akageukia inakotoka sauti. "Mimi sijawahi kuona nyingine, mzee wangu. Nitailinganisha na ipi?" Kisha akanyoosha mkono. "Nawe sogea huku. Siku hizi nakuona ukiwa karibu tu."

Miaka mitatu mzee alikuwa amepima habari za bahari. Hakuwa amepima kwamba uso uliokuwa ukififia machoni pa mkewe ulikuwa wake yeye. Akaingia majini na viatu vyake.

Ndugu zangu, sisi hatuwanyimi watu wetu upendo. Tunauahirisha. Nitakwenda kumwona kaka nikishatulia. Nitapatana na jirani, ngoja hasira ipoe. Nitarudi kwa Mungu, mambo yakininyokea. Na sababu zetu ni za kweli, ndiyo maana zinatushinda. Zingekuwa za uongo tungezigundua mapema. Kusi inavuma kweli. Masika ni masika kweli. Lakini aliye upande wa pili haombi hali ya hewa. Anatuomba tusogee.

Mungu naye, angengoja tutakate ndipo atujie, leo tungekuwa tunamsubiri. Alitukuta topeni, akaingia.

Basi kuna mtu nyumbani kwako uliyemwambia, "Bado kidogo." Ukitoka hapa, usimsimulie mfano huu. Mwambie avae, mnatoka.